Kamera Isiyotulia

Asubuhi Seremala alipiga randa na mkewe, Dobi, alipiga pasi. Walifanya kazi katika chumba kimoja cha mbele, huyu upande wa dirisha, yule upande wa mlango. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, vumbi la mbao. Dobi akitundika shati jeupe la mteja, vumbi lilikuja kulikalia kama limealikwa.

"Shati hili likirudishwa, utalifua wewe," Dobi alimwambia mumewe kwa mikono.

"Nitalifua kwa randa," Seremala alijibu kwa mikono, akacheka.

Seremala alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Hakuwahi kuisikia randa yake, lakini aliijua kwa kiganja. Dobi alikuwa anasikia vizuri. Alijifunza lugha ya alama wakati wa uchumba wao, na sasa mikono yake ilikuwa na maneno mengi kuliko mdomo wake. Wateja waliokuja kuchukua nguo waliwakuta wawili hao wakibishana kimyakimya, mikono ikipepea, na pasi imesahauliwa pembeni.

Lakini kulikuwa na lugha nyingine ambayo Dobi hakuijua. Seremala alizaliwa pacha, na dada yake, Pacha, naye alikuwa kiziwi. Katika nyumba ya wazazi wao hakuna aliyejua lugha ya alama. Basi watoto wale wawili wakatunga alama zao. Walikuwa na alama ya mama, alama ya njaa, na alama ya jirani mchoyo. Baadaye walienda shule ya viziwi, wakajifunza alama za watu wote. Zile za utotoni hawakuziacha. Wakikaa pamoja walizichanganya humo humo, na Dobi akabaki kukodoa macho.

"Mnanisengenya," Dobi alizoea kumwambia wifi yake.

"Tukusengenye kwa lipi, wifi?" Pacha alijibu. "Wewe mambo yako yote unayasema mwenyewe."

Pacha aliolewa nchi ya mbali. Kila mwaka alikuja kuwasalimia. Mwaka huu hakuja. Alikuwa amelazwa hospitali, na ugonjwa ulikuwa umeenea mwilini. Madaktari hawakuzungumzia tena kupona. Walizungumzia kumpunguzia maumivu.

Seremala aliomba kibali cha kuingia nchi ile. Akaambiwa asubiri. Simu yao ya nyumbani ilikuwa ndogo, ya vitufe, isiyo na picha. Basi mtoto wao, aliyekuwa akifanya kazi mbali, akawaletea kompyuta yake ya zamani na kamera mpya ya kuweka juu ya kioo chake. Aliwaonyesha jinsi ya kupiga simu ya video, kisha akarudi kazini.

Siku ya kwanza kumpigia Pacha, Seremala alivaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Pacha alionekana kwenye kioo, amelalia mito. Alikuwa amekonda. Dobi alijikaza kisabuni asilie. Pembeni ya kitanda alikaa binti yake Pacha, mwanamke mzima, ameshika simu ili mama yake aone na aonekane.

Seremala akaanza kuzungumza. Mikono yake ilieleza habari za nyumbani, za mtoto, za meza kubwa aliyokuwa akitengeneza. Pacha alikunja uso. Akamgusa binti yake, akasema kitu kwa alama ndogo sana, maana mikono yake ilikuwa imechoka.

"Mkaza mjomba," binti yule alimwambia Dobi kwa sauti, "mama anasema haoni. Mikono ya mjomba imejaa ukungu. Inaonekana kidogo, halafu inapotea."

Dobi akamtafsiria mumewe. Seremala akasogeza mikono karibu zaidi na kamera, kama mtu anayepaza sauti kwa asiyesikia. Ukungu ukazidi. Akarudi nyuma, akasogea tena. Picha yake ikawa inapanda na kushuka, mara safi, mara ukungu.

Mwisho Pacha aliinua kiganja kumzuia.

"Acha, kaka," alisema. "Usijichoshe. Nitautazama uso wako tu. Uso unatulia."

Seremala aliweka mikono mapajani, na wale ndugu wawili wakatazamana mpaka Pacha aliposinzia. Dobi aliona uchungu. Mtu anayezungumza kwa mikono akiambiwa aitulize, ni sawa na kuzibwa mdomo.

Siku zilizofuata walihangaika. Dobi alisema ni mtandao. Akamsubirisha mumewe mpaka saa ambazo watu wengi hawapigi simu. Ukungu ukabaki pale pale. Akaifuta kamera kwa kitambaa laini. Wapi! Kisha akapata wazo la kidobi hasa. Alichukua shuka jeupe, akalipiga pasi likanyooka, akalitundika nyuma ya kiti cha Seremala.

"Sasa nyuma ni kweupe," alisema. "Mikono itaonekana kama herufi kwenye karatasi."

Mambo yakaharibika kabisa. Kamera haikutulia hata kidogo, na mikono ya Seremala ikawa vivuli vyeusi. Kwenye kioo Pacha alifumba macho, akageukia ukutani.

Seremala alikaa kwenye benchi lake la kazi bila kushika kitu. Dobi akamwendea.

"Sema nami," alimwambia.

"Anakufa," Seremala alisema. "Anakufa na mimi naongea na ukungu."

Dobi alisukuma randa pembeni. Alikaa naye pale benchini, pasi ikapoa.

Jirani yao aliitwa Fundi Nyaya. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kazi ya kutengeneza kompyuta katika maofisi, na mifuko yake haikukosa vipande vya nyaya. Alasiri hiyo alikuja kuchukua nguo zake.

"Jirani, mbona leo kumepoa hivi?" aliuliza. "Nimezoea kumkuta huyu mzee ananitania urefu wangu."

Dobi akamweleza yote. Fundi Nyaya akaweka nguo chini.

"Pole sana, jirani. Kwa nini hamkuniita?"

"Tulidhani ni mtandao. Utautengeneza mtandao wewe?"

"Mtandao ukilegea, picha yote inakatika au inaganda, na uso pia," Fundi alisema. "Ninyi mnasema uso unaonekana na mikono ndiyo inayopotea. Hilo ni jambo la fokasi, yaani pale jicho la kamera linapolenga. Nionyeshe."

Aliwasha kamera, akamwomba Seremala akae kitini na kuzungumza. Seremala akasema kwa mikono, "Huyu mrefu hata kuinama hawezi, ataona nini?" Dobi akatafsiri. Fundi akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo.

"Sasa nasikilizeni," alisema, na Dobi akawa anamtafsiria mumewe. "Kamera ina jicho. Jicho haliwezi kuona vizuri karibu na mbali kwa wakati mmoja. Lazima lichague. Kamera hii inachagua yenyewe. Akitulia, inauona uso. Akinyoosha mkono mbele, inauacha uso, inaukimbilia mkono. Kabla haijaufikia, mkono umeshaondoka. Basi inarudi kuutafuta uso. Kazi yake ni kukimbia tu, na haifiki."

"Na mikono akiisogeza karibu?" Dobi aliuliza.

"Ndiyo anazidi kuikimbiza."

"Na shuka langu?"

"Shuka jeupe lililonyooka halina mstari wala doa. Kamera ikiangalia pale haipati pa kushika. Tena linang'aa mno, ndiyo maana mikono inakuwa vivuli. Lakini pasi umeipiga vizuri."

Dobi alilitundua shuka lake, akaweka la bluu isiyong'aa.

"Tutaikataza kamera isichague," Fundi alisema. "Tutaichagulia sisi, ibaki hapo hapo. Kompyuta yenu inatumia mfumo wa Linux, na ndani yake kuna dirisha la kuandikia amri."

Akafungua dirisha jeusi. Kwanza aliweka programu ndogo ya kuamuru kamera, iitwayo v4l-utils. Dobi alisema jina hilo ni gumu kama la dawa. Kisha Fundi akaandika:

v4l2-ctl --list-devices

"Hii inauliza, kamera ziko wapi? Imejibu, kamera yenu ni /dev/video0. Sasa tunaiuliza ina vitu gani vya kurekebisha."

v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-ctrls

Mistari mingi ikashuka. Fundi akaweka kidole kwenye miwili.

"Hapa kumeandikwa focus_automatic_continuous. Huku ndiko kuchagua yenyewe. Ina moja, maana yake imewashwa. Na hii, focus_absolute, ni namba ya fokasi tunayoweza kuiweka sisi. Kwenye kamera nyingine hili la kwanza huitwa focus_auto. Usibuni jina, soma lililoandikwa kwenye kamera yako. Na ukikosa kabisa neno focus, basi kamera hiyo fokasi yake haibadilishwi kwa amri."

"Tuweke namba," Dobi alisema, hana subira.

"Ngoja. Kwanza tuzime ile inayojichagulia. Ukianza na namba, haitashika."

Akaandika:

v4l2-ctl -d /dev/video0 --set-ctrl=focus_automatic_continuous=0

"Sifuri ni kuzima. Sasa namba. Kwa kamera hii, namba ndogo ni mbali, kubwa ni karibu. Mzee, inua mikono mahali unapozungumzia. Tunapima mikono, uso utafuata."

Walijaribu namba kubwa. Mikono ikawa ukungu. Wakashuka kidogo kidogo. Fundi akaandika:

v4l2-ctl -d /dev/video0 --set-ctrl=focus_absolute=30

Mikono ya Seremala ikatokea. Kovu la msumeno kwenye kidole gumba lilionekana. Hata vumbi la mbao kwenye kucha lilionekana. Seremala alikunja vidole, akavikunjua, akavisogeza mbele na nyuma. Kamera ilitulia tuli.

Aliitoa penseli ya kazi sikioni, akainama, akachora sakafuni mstari kuzunguka miguu ya kiti.

"Huyu mzee ana akili," Fundi alimwambia Dobi. "Namba ile ni ya kiti kikiwa hapo. Kikisogezwa sana, lazima kupima upya."

Walimpigia Pacha kesho yake. Seremala alipoanza kuzungumza, Pacha alifungua macho. Akainua shingo. Kisha akatabasamu, na Dobi akaona jinsi wale wawili walivyofanana.

"Kucha zako chafu," Pacha alisema.

Walizungumza muda mrefu. Mara nyingi walitumia alama zao za utotoni, na Dobi hakuelewa. Safari hii hakulalamika.

Kabla ya simu iliyofuata, Dobi aliamua kusafisha meza. Vumbi lilikuwa limejaa kila mahali. Alichomoa waya wa kamera, akaifuta, akaurudisha. Alifurahi kuona vyote vinang'aa.

Walipopiga simu, ukungu ulikuwa umerudi.

Dobi alikimbia kwa Fundi Nyaya. Mlango ulikuwa umefungwa. Fundi alikuwa ofisini kwa watu. Dobi akarudi, akafungua lile dirisha jeusi. Hakukumbuka hata herufi moja. Mbele ya kioo, Seremala alikuwa akizungumza. Alikuwa akisema jambo refu, kwa mikono yote, na machozi yalimtoka. Pacha alitazama. Binti yake akasogea karibu na simu.

"Mkaza mjomba, haoni," alisema taratibu. "Lakini ameniambia nisimkatize mjomba. Nimwache amalize."

Dobi hakumtafsiria mumewe maneno hayo. Seremala alimaliza, akafuta uso. Pacha aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeyaona yote.

Fundi Nyaya aliporudi jioni alimkuta Dobi mlangoni kwake.

"Ni mimi," Dobi alisema. "Niliichomoa."

"Kosa ni langu," Fundi alisema. "Sikuwaambia. Ukichomoa kamera au kuzima kompyuta, kamera husahau namba, inarudi kujichagulia. Twende. Leo utaandika wewe."

"Mimi? Mimi naandika risiti za nguo tu."

"Basi unaandika."

Dobi aliandika amri zile mbili katika faili moja, ya kuzima na ya namba. Alikosea nafasi, akarudia. Alisahau kistari, akarudia. Faili wakaliita fokasi.sh. Fundi akaiagiza kompyuta iliendeshe faili hilo yenyewe kila inapowashwa.

"Na kamera ikichomolewa bila kompyuta kuzimwa, unaandika hivi tu." Akamwonyesha:

bash fokasi.sh

Dobi alichomoa kamera kwa makusudi. Akairudisha. Ukungu ukaja. Akaandika maneno yale mawili, akabonyeza. Picha ikasafika. Alifanya hivyo tena na tena, mpaka Seremala akamshika mkono.

"Utaiua kamera," alisema.

"Ulimwambia nini leo?" Dobi aliuliza.

Seremala alimtazama. "Kwani hakuona?"

Dobi akashindwa kudanganya. Seremala akarudi kwenye benchi lake, akapiga randa ubao ambao ulikuwa umeshanyooka.

Simu iliyofuata, Pacha alikuwa hajiwezi. Mikono yake ilikaa juu ya shuka, na vidole ndivyo vilivyozungumza. Binti yake aliisogeza simu karibu na vidole.

"Siku ile sikuona," Pacha alisema. "Rudia."

Seremala alikuwa amesema mengi siku ile. Sasa aliyafupisha.

"Nilisema unisamehe sijafika," alisema. "Nilisema mikono yangu haina mwingine wa kuzungumza naye kama wewe."

"Nimeona," Pacha alisema. "Nimeona yote."

Kisha akashika upindo wa gauni la hospitali. Akauvuta mara mbili. Seremala akainamisha kichwa. Pacha akaongeza alama nyingine, na hizi Dobi alizielewa, maana zilikuwa alama za watu wote.

"Nani atakushika shati?"

Mikono ya Seremala ilikuwa safi kabisa kwenye picha, na haikuwa na neno.

Pacha alifariki siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama. Kibali cha Seremala kilitoka baada ya mazishi.

Kwa muda mrefu kompyuta haikuwashwa. Dobi aliifunika kwa kitambaa, vumbi lisiingie. Mstari wa penseli sakafuni aliufagia kwa uangalifu usifutike. Ndipo binti wa Pacha akapiga ile simu ya vitufe.

"Mkaza mjomba, mama alikuwa na alama zake na mjomba," alisema. "Mimi alinifundisha chache tu. Mjomba anaweza kunionyesha zilizobaki? Nisingependa zipotee."

Dobi akamwambia mumewe. Seremala alikataa. Siku iliyofuata akakataa tena. Siku ya tatu Dobi alimkuta amekaa kitini, ndani ya ule mstari, amevaa shati la pasi.

Walizirekodi kidogo kidogo. Seremala alionyesha alama mbele ya kamera, Dobi akasema maana yake kwa sauti. Mama ilikuwa kugusa kiwiko, kwa sababu mama yao alikuwa na alama ya kuungua hapo. Jirani mchoyo ilikuwa ngumi iliyofichwa kwapani. Dobi alicheka akilia. Miaka yote aliyodhani anasengenywa, walikuwa wakizungumza habari za jirani aliyekwisha kufa zamani.

Mwisho Seremala alishika upindo wa shati, akauvuta mara mbili.

"Hii nayo?" Dobi aliuliza.

"Tulipokwenda shule tulipita barabara ya magari," Seremala alisema. "Hatukusikia honi. Mimi nilitangulia, natazama mbele. Yeye alinifuata ameshika shati langu, anatazama nyuma. Gari likija, anavuta mara mbili. Maana yake, niko nyuma yako, sogea pembeni." Aliunyoosha upindo. "Alitembea kinyumenyume mpaka shuleni, kila siku."

Dobi alishindwa kusema maana hiyo kwa sauti. Ilibidi warekodi upya.

Siku hizi viziwi wengine wa mtaa huja nyumbani kwao kuzungumza na ndugu zao wa mbali. Dobi huwapima. Huandika amri, hushusha namba, hupandisha namba, mpaka mikono itulie. Huwaonya wasichomoe waya bila kumwambia, na huonya kwa ukali.

Seremala hutengeneza meza zake. Kuna siku anacheka, na kuna siku anakaa benchini bila kushika kitu.

Juzi walikwenda pamoja kupeleka kiti kwa mteja. Seremala alikibeba kichwani, akatangulia. Dobi alifuata na mfuko wa nguo. Nyuma yao likaja lori. Dobi angeweza kukimbia mbele, amkinge. Hakufanya hivyo. Alinyoosha mkono, akashika upindo wa shati la mumewe, akauvuta mara mbili.

Seremala hakugeuka. Alisogea pembeni, lori likapita. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka, na kile kiti kichwani kikatetemeka nayo. Kisha akaendelea kutembea, polepole, ili asimwache mwenye kumshika shati.